Rubavu: Mwalimu ahitaji nini ili amfundishe mwanafunzi asiyeona?

Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi Desemba 2008, na mwaka 2018 ikapitia upya sera yake ya elimu maalumu na jumuishi. Hata hivyo, haki ya kukaa darasani hupungua thamani iwapo mwalimu hawezi kusoma kile anachoandika mwanafunzi wake.

Mafunzo hupatikana wapi?

Wilayani Rubavu, chuo cha TTC Gacuba II huandaa walimu wa shule za msingi kwa muda wa miaka mitatu. Katika vyuo vya aina hiyo, mada za elimu jumuishi zimo ndani ya somo la misingi ya elimu. Anayetaka ubingwa husomea elimu maalumu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, tawi la Rukara, wilayani Kayonza. Shule mashuhuri za wasioona ziko Rwamagana na Kibeho, zote mbali na Rubavu. Ndiyo maana ujuzi wa mwalimu wa shule ya jirani una uzito.

Nukta nundu

Maandishi haya yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille mwaka 1824. Kila herufi huundwa ndani ya kijisanduku chenye nafasi sita za nukta, na hivyo hupatikana alama 63. Anayetumia kibao na kalamu ya kutobolea huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Mwalimu anayeona aweza kuzisoma nukta hizo kwa macho, mradi amefundishwa.

Darasani

Yako mambo yasiyohitaji kifaa chochote. Mwalimu hutamka kila anachoandika ubaoni. Hamwambii mwanafunzi “tazama hapa”, bali hueleza kwa maneno. Huwaita wanafunzi kwa majina. Na madawati yakihamishwa, humjulisha asiyeona. Mwenye uoni hafifu huketi mbele na kupewa maandishi makubwa, meusi, yaliyokoza. Mwenye ualbino huwekwa mbali na mwanga mkali wa dirisha. Katika mtihani, msomaji wa nukta nundu huongezewa muda, kwa kuwa vidole husoma polepole kuliko macho.

Mtoto asogezaye daftari karibu na uso si mzembe. Hatua ya kwanza ni kumpeleka akapimwe macho.