Askari Darasani: Vyuo vya Jamii vya Marekani na Somo la Haki Jinai

Nchini Marekani, mtu asiye na fedha nyingi anayetaka kusomea haki jinai mara nyingi huanzia chuo cha jamii. Hiki ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na wanafunzi wake wengi huja darasani wakitoka kazini. Kikongwe kati ya vilivyodumu hadi leo kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyuo hivi vilienea nchi nzima, na katika miaka ya 1960 pekee vilifunguliwa zaidi ya 400. Humo somo la haki jinai lilijaza madarasa upesi, na upesi vilevile likapata jina baya: kwamba ni somo jepesi, la askari wanaotafuta cheti cha kupandia cheo. Ninashikilia kwamba jina hilo lilitokana na namna serikali ilivyomwaga fedha na namna idara za polisi zilivyoachiwa kupanga mtaala. Chuo cha jamii chenyewe kilikuwa, na bado ni, mahali panapolifaa somo hili kuliko pengine popote.

Wazo la kumpeleka askari darasani ni la zamani kuliko vyuo vingi vya aina hii. August Vollmer, aliyechaguliwa kuongoza polisi wa mji wa Berkeley, California, mwaka 1905, hakuwahi kusoma chuo kikuu, lakini mwaka 1908 alifungua shule ya askari wake, na mwaka 1916 akashirikiana na Chuo Kikuu cha California kuanzisha masomo ya polisi wakati wa likizo ya kiangazi. Aliajiri wanafunzi wa chuo kikuu wafanye doria. Mmoja wa askari wake, John Larson, alikuwa na shahada ya uzamivu, na mwaka 1921 alitengeneza mashine ya kupima uongo. Mwaka 1930 chuo cha San Jose, katika jimbo hilohilo, kikaanzisha programu ya mafunzo ya polisi. Haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1931 tume ya taifa iliyoongozwa na George Wickersham ilieleza hadharani jinsi polisi wa miji mingi walivyowapiga na kuwatesa watuhumiwa ili wakiri. Sehemu kubwa ya ripoti ya tume hiyo kuhusu polisi iliandikwa na Vollmer, na kwake jawabu lilikuwa kupata askari bora na kuwafundisha vyema zaidi. Hata hivyo alichowafundisha kilikuwa hasa ufundi: alama za vidole, kemia, upelelezi, uendeshaji wa kituo. Suala la kwa nini jamii humpa mtu bunduki na pingu, na kwa masharti gani, lilibaki pembeni. Upungufu huo ndio vyuo vilivyofuata vilivyourithi.

Mambo yalibadilika mwaka 1967. Rais Lyndon Johnson alikuwa ameunda tume ya kuchunguza uhalifu na utoaji haki, chini ya uenyekiti wa Nicholas Katzenbach, na ripoti yake ilitoka mwezi Februari mwaka huo. Kati ya kurasa zake mna mchoro ambao vitabu vya kiada vya haki jinai huunakili hadi leo. Kushoto kabisa kuna makosa yaliyotendeka. Kutoka hapo mistari inaelekea kulia kupitia polisi, waendesha mashtaka, mahakama, hadi magereza na vifungo vya nje. Kila hatua mistari inakonda, kwa sababu kesi nyingine hazipelelezwi, nyingine zinafutwa, nyingine zinaishia kwa mshtakiwa kukubali kosa ili apunguziwe adhabu. Mchoro huo ulisaidia kuleta jina jipya la somo. Mpaka hapo vyuo vingi vilifundisha sayansi ya polisi. Sasa mwanafunzi alitakiwa kuona kwamba askari anayemkamata kijana mtaani ameanzisha safari ndefu inayoweza kuishia gerezani, na kwamba kila ofisi njiani ina uamuzi wa kufanya. Tume ilipendekeza pia kwamba lengo la mwisho liwe kila askari mwenye mamlaka kamili ya kukamata awe na shahada ya miaka minne. Mwaka huo huo miji ya Newark na Detroit iliwaka ghasia, na zote mbili zilianza na polisi kumkamata mtu au kuvamia kilabu cha pombe.

Bunge lilijibu kwa fedha. Sheria ya mwaka 1968 ya kudhibiti uhalifu ilianzisha mpango wa kuwalipia watu wa vyombo vya haki masomo. Askari aliyekuwa kazini aliweza kupata hadi dola 300 kwa muhula, kwa sharti la kubaki kazini miaka miwili baada ya masomo. Kijana aliyetaka kujiunga alikopeshwa hadi dola 1,800 kwa mwaka, na kila mwaka aliotumikia polisi, mahakama au magereza ulimfutia robo ya deni. Mpango ulianza na dola milioni 6.5. Katikati ya miaka ya 1970 ulikuwa umefika dola milioni 40 kwa mwaka, wanafunzi wapatao 100,000 na vyuo zaidi ya 1,000. Wengi wao walikuwa askari waliokwisha ajiriwa, na vyuo vililazimika kuwafuata kwa ratiba. Chuo cha John Jay jijini New York, kilichoanzishwa kwa ajili ya polisi katikati ya miaka ya 1960, kilifundisha somo lilelile mchana na kulirudia usiku, ili askari ambaye zamu yake imebadilika wiki hiyo asikose kipindi. Ninaliheshimu sana jambo hilo dogo. Vyuo vilikubali kwamba mtu wa zamu naye ana haki ya elimu, na kwamba ratiba ndiyo ipinde.

Fedha za haraka, hata hivyo, huita watu wa haraka. Mwaka 1978 tume nyingine ya taifa, iliyoundwa kuchunguza elimu ya juu ya polisi, na ambayo ripoti yake iliandaliwa chini ya Lawrence Sherman, ilitoa hukumu kali. Vyuo vingi vilikuwa vimewapa ualimu askari wastaafu au waliokuwa bado kazini, ambao sifa yao kubwa ilikuwa miaka yao ya utumishi. Masomo mengi yalikuwa ya doria, usalama barabarani na kuandika taarifa, yaani yaleyale ya depo, kambi ya mafunzo ya askari wapya, na baadhi ya vyuo vilimhesabia mwanafunzi mafunzo ya depo kama masomo ya chuo. Askari walisoma na askari wenzao, wakafundishwa na askari, wakatoka na mawazo waliyoingia nayo. Mpaka hapo sina ubishi na ripoti hiyo. Lakini ilipendekeza pia kwamba shahada za miaka miwili za elimu ya polisi ziondolewe hatua kwa hatua na somo liachiwe vyuo vya miaka minne, na hapo ndipo ilipokosea. Maradhi iliyoyaorodhesha yanaletwa na mwalimu na mtaala, si idadi ya miaka ya kusoma. Chuo kikuu kinachoajiri mstaafu yuleyule kufundisha doria ileile kitatoa mwanafunzi yuleyule, kwa ada kubwa zaidi. Na chuo cha jamii kina kitu ambacho depo haina: chumba kimoja ambamo askari anaweza kuketi meza moja na muuguzi, na dereva wa lori, na kijana ambaye ndugu yake yuko kifungoni, wote wakisoma sheria ya ushahidi. Dawa ilikuwa kulinda mchanganyiko huo na kuajiri walimu wenye elimu ya sheria, historia na sosholojia.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa. Wanasema kudai masomo ya chuo ni kuwafungia mlango Weusi na maskini, ambao wamenyimwa shule nzuri tangu utotoni. Hoja hii ilifika mahakamani. Idara ya polisi ya Dallas ilidai kila mwombaji awe amekamilisha saa za muhula (credits) 45 za masomo ya chuo, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliruhusu sharti hilo, ingawa ilikuwa wazi kwamba liliwaengua waombaji Weusi kwa wingi zaidi. Wapingaji wana haki ya kulalamika. Lakini dhuluma hiyo haiponi kwa kuachana na elimu. Inapungua pale elimu inapopatikana karibu na kwa bei rahisi, na hiyo ndiyo kazi ya chuo cha jamii.

Dhuluma kubwa zaidi ilifanyika mwaka 1994. Sheria ya uhalifu ya mwaka huo iliweka fedha za kuwasomesha askari wa baadaye, na ndani ya sheria hiyohiyo ikawanyima wafungwa ruzuku ya serikali ya masomo, iitwayo Pell. Vyuo vya jamii vilikuwa miongoni mwa vilivyopeleka walimu magerezani, na programu nyingi zikafa ndani ya miaka michache. Kwa karibu miaka 30 serikali iliamua kwamba anayekamata asomeshwe na anayekamatwa asisome. Ruzuku ilirudishwa Julai 1, 2023. Ilichelewa mno.

Imebaki hoja ngumu kuliko zote. Minnesota ilikuwa tangu miaka ya 1970 jimbo lililotaka askari wake wawe na angalau shahada ya miaka miwili, na Minneapolis, ambako George Floyd aliuawa na polisi Mei 25, 2020, iko Minnesota. Je, elimu ilisaidia nini? Jibu la haki lina pande mbili. Utafiti wa Jason Rydberg na William Terrill, uliochapishwa mwaka 2010 kutokana na kazi za askari wa Indianapolis na St. Petersburg, ulionyesha kwamba waliosoma chuo hawakutofautiana na wenzao katika kukamata na kupekua watu, ila walielekea kutumia nguvu mara chache zaidi. Faida ipo, basi, na ina mpaka. Shahada haivunji utamaduni wa kituo, haimwondoi msimamizi anayefumbia macho malalamiko, wala haibadilishi mkataba unaomlinda askari mkorofi. Anayetarajia darasa lifanye kazi ya kamanda atavunjika moyo kila mara. Lakini kulitupa darasa kwa sababu kamanda ameshindwa ni kumpa kamanda udhuru.

California ilipotunga sheria mwaka 2021 kupandisha umri wa kuajiriwa askari hadi miaka 21, iliviagiza vyuo vyake vya jamii viandae shahada mpya ya upolisi, na safari hii ofisi ya vyuo hivyo, si idara za polisi, ndiyo iliyokabidhiwa uongozi wa kazi hiyo. Hilo ni sahihi. Wasomaji wenye ndugu Minnesota, Texas au kwingineko Marekani wanaofikiria kujiandikisha katika somo hili wawaombe waulize maswali matatu kabla ya kulipa ada: walimu wamesoma nini zaidi ya kutumikia jeshi la polisi, ni masomo gani yatakayokubaliwa na chuo kikuu baadaye, na kama chuo hicho kinafundisha pia gerezani. Chuo kinachojibu vizuri yote matatu kinastahili ada yao.