Ukubwa wa Mtambo na Tumbo Lake

Katika miaka kumi ya Chama chetu, swali moja limerudi mara nyingi mikutanoni: kwa nini pumba za mpunga zilizorundikana nyuma ya mashine yetu ya kukoboa zisigeuzwe umeme? Swali hilo ni la haki. Walakini kabla ya kuuliza bei ya mtambo, yatupasa kuuliza ukubwa wake, na hapo habari za Mumias, magharibi ya Kenya, zafaa kusimuliwa.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Tani moja ya miwa huacha karibu kilo 300 za makapi, nusu yake ikiwa maji. Makapi hayo huwa yamekwisha kufika kiwandani kwa nauli ya miwa yenyewe, nayo ndiyo faida yake kubwa kuliko kuni. Mwaka 2009 mtambo wa megawati 34 ulianza kazi, na megawati 26 zilikusudiwa kuuzwa kwa gridi ya taifa.

Hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mtambo mkubwa hupunguza gharama ya ujenzi kwa kila kilowati, wala mtambo wa ukubwa maradufu hauhitaji mafundi maradufu. Lakini tumbo lake nalo hukua. Atakaye mazao mara nne, katika nchi yenye rutuba ile ile, hana budi kuyafuata mbali mara mbili, na lori hulipiwa kwenda na kurudi. Hufika mahali ambapo akiba ya ujenzi humezwa yote na nauli.

Huko Mumias miwa yenyewe ilipungua. Wakulima waliokaa bila malipo waliacha kuipanda, wengine wakaipeleka viwanda vya jirani. Mwezi wa Septemba 2019 kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu kwa ajili ya madeni. Sisemi kwamba mtambo ndio uliokiangusha, maana sababu zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba chuma cha megawati 34 hakikuweza kujitafutia makapi.

Kule Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilianza na kilowati 150 tu, kwa mabaki ya mkonge yaliyokuwa mlangoni pake.

Mpunga wetu hutoa pumba kama kilo 200 kwa tani. Kwa hiyo kila mwanachama anaombwa kumwandikisha karani wa mizani tani alizoleta, si za mwaka wa neema peke yake, bali hasa za mwaka wa ukame.