Maikrofoni za Tula na Pasipoti Zake

Ukiutaja mji wa Tula, kusini mwa Moscow, Mrusi atakuambia habari za bunduki, kwa kuwa Petro Mkuu alianzisha kiwanda cha silaha pale mwaka 1712, kisha atakuja kwenye birika za samova. Mafundi wa sauti wao huanza na kiwanda cha Oktava. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1927, na pamoja na maikrofoni kilitengeneza vifaa vya mawasiliano vya jeshi. Nadhani hapo ndipo ugumu wa bidhaa zake ulipotoka.

Maikrofoni ya dainamiki, ambayo Oktava iliitengeneza, haikubuniwa na Wasovieti. Wente na Thuras wa maabara za Bell, Marekani, walikwisha kuitoa mwaka 1931 ikiitwa Western Electric 618A. Kanuni ni ileile: utando mwembamba umegandishwa kwenye koili ya waya, na koili imening'inizwa katika mwanya wa sumaku. Sauti ikiusukuma utando, koili nayo inacheza, na umeme kidogo unazaliwa. Hakuna betri, hakuna valvu.

Studio za filamu zilikuwa na maikrofoni nyingine, za kondensa, kama 19A9 ya Leningrad. Hizo hunasa hata pumzi ya mwimbaji, lakini zina valvu na lazima zilishwe umeme wa pembeni. Zile za dainamiki za Tula, zenye herufi MD, kama MD-52 na MD-66, zilikuwa za kazi za kila siku. Sifa za "sauti ya ajabu" zinazopewa siku hizi na wauzaji zimetiwa chumvi. Uzuri wao ni kwamba zinavumilia.

Kinachonivutia zaidi ni karatasi. Maikrofoni nyingi za enzi ya Kisovieti ziliuzwa na pasipoti: kijitabu chenye namba ya kifaa, vipimo vyake na muhuri wa wakaguzi wa kiwanda. Tarehe mara nyingi iliandikwa kwa kalamu. Kwenye vifaa vingi vya Kisovieti hata bei iligongwa palepale, kwani ilipangwa na serikali na duka halikuwa na la kuongeza.

Waafrika Mashariki walioisikiliza Redio Moscow kwa Kiswahili miaka ya 1960 hawangeweza kuitambua maikrofoni iliyotumika, hata iwe bora kiasi gani. Masafa mafupi yaliimeza sauti njiani.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Oktava ilipata jina ng'ambo kwa kondensa zake za bei nafuu, na MD zikabaki makabatini. Mwaka 2018 sehemu ya majengo ya kiwanda ilifunguliwa kuwa kituo cha utamaduni chenye makumbusho ya mashine.

Anayenunua MD leo alinganishe kwanza namba ya pasipoti na ile ya kwenye mwili, kisha aipime koili kwa mita. Sponji ya ndani huenda imeshakuwa unga, nayo hubadilishwa. Plagi ya zamani ikiwa haiingii popote, fundi huikata na kuunga ya pini tatu.