Daftari Jeusi na Meza ya Durham

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa katibu wa kamati ya shule moja ya msingi hapa Nyatike, kando ya Ziwa Victoria, Kenya. Tulikuwa tukikutana chini ya mwembe, wazee kwenye madawati yaliyotolewa darasani, akina mama kwenye leso zao, nami nikiandika kumbukumbu katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Msimu mmoja wa masika bati la ofisi lilivuja, na daftari la miaka sita likalowa hata kurasa zikagandamana kama ugali uliolala. Ndani yake kulikuwa na ahadi tuliyowapa akina mama hao: vyoo vya wasichana, milango minne, komeo kwa ndani. Kamati mpya ilipoingia ilidai kuonyeshwa ahadi hiyo imeandikwa wapi. Sikuwa na la kuonyesha. Nilistaafu vyoo havijajengwa.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kujua jinsi watu wengine walivyotunza maneno yao. Bodi ninayoirudia mara kwa mara iko mbali sana na ziwa letu: wadhamini wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, jimbo la North Carolina, Marekani. Mwenzangu mmoja mstaafu aliniuliza, "Mwalimu, hao wanakuhusu nini?" Wananihusu kwa mambo mawili, tumbaku na wasichana.

Chuo hicho kilianza mwaka 1838 kikiwa shule ndogo ya kijijini, iliyoanzishwa na wakulima Wamethodisti na Wakweka waliotaka watoto wao wasome. Mwaka 1859 kikaitwa Trinity College, chini ya ulezi wa Kanisa la Methodisti. Mwaka 1878 madada watatu wa ukoo wa Giles walipata shahada hapo, wanawake wa kwanza kufanya hivyo, lakini mlango waliopitia haukuachwa wazi kwa wengine. Chuo kilikuwa maskini. Kilihamia Durham mwaka 1892, kwa kuwa huko kulikuwa na fedha, na fedha za Durham zilikuwa za tumbaku.

Mwenye tumbaku alikuwa Washington Duke, mkulima aliyetoka vitani mwaka 1865 akarudi kwake kwa miguu, akaanza kusaga na kuuza majani pamoja na watoto wake. Mwanawe James alikuza biashara hiyo ikawa kampuni kubwa kuliko zote za sigara Marekani. Mwaka 1902 yeye na wapinzani wake wa Uingereza waliunda British American Tobacco, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Jina hilo halihitaji kuelezwa Migori wala Kuria. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa mkataba, na mimi nilipokuwa kijana nilifunga majani kwenye fito na kuyatundika katika banda la kukaushia. Harufu ile haitoki mikononi kwa mche mmoja wa sabuni. Sikujua wakati huo kwamba tumbaku ilikuwa imejenga chuo kikuu.

Mwaka 1896 mzee Washington Duke aliwapa wadhamini wa Trinity dola 100,000 kwa sharti moja: chuo kiwafungulie wanawake mlango, nao wawe sawa na wanaume. Wadhamini walipokea fedha, na sharti likaandikwa. Walioketi mezani walikuwa wanaume, na walipotamka neno "wanawake" walikuwa na mabinti wa Kizungu akilini. Hata hivyo neno lenyewe halikutaja rangi. Hili ndilo linalonifanya niiheshimu kalamu ya katibu: ahadi iliyoandikwa inaweza kuwa pana kuliko mioyo ya walioiandika, na mtu wa baadaye akaja kuidai yote.

Bodi hiyo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1903 mwalimu wa historia, John Spencer Bassett, aliandika makala akimsifu Booker T. Washington, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, kuwa miongoni mwa watu wakubwa kabisa waliozaliwa Kusini katika miaka mia moja. Magazeti yaliwaka moto, wazazi wakahimizwa wawatoe watoto wao chuoni. Bassett aliandika barua ya kujiuzulu. Wadhamini walikutana tarehe 1 Desemba, wakabishana mpaka karibu saa tisa usiku, kisha wakapiga kura: 18 kwa 7, mwalimu abaki. Nimeketi katika vikao ambapo mwalimu alitolewa kafara kwa sababu mtu mwenye sauti alikasirika. Najua ilivyo vigumu kumi na wanane kupatikana saa tisa usiku.

Lakini bodi hiyohiyo iliwafungia watu weusi mlango kwa zaidi ya nusu karne baada ya kura ile. James Duke alitoa dola milioni 40 mwaka 1924, chuo kikabeba jina la ukoo wake, majengo ya mawe yakapanda, na bado mtoto mweusi hakuweza kusoma ndani yake. Ilikuwa Machi 1961 ndipo wadhamini walipokubali wanafunzi weusi katika masomo ya juu, na mwaka 1962 wakakubali wa shahada ya kwanza. Watano waliingia mwaka 1963, mwaka Kenya ilipopata uhuru. Siwezi kuwasifu wadhamini kwa usiku wa 1903 nikanyamaza juu ya miaka hiyo. Bodi ina uwezo wa kulinda haki, na uwezo huohuo inaweza kuutumia kuichelewesha kizazi baada ya kizazi, kwa utaratibu na adabu, kumbukumbu za kikao zikisomwa na kuthibitishwa.

Sasa nirudi ufukweni. Profesa wa biolojia wa Duke, Sherryl Broverman, alishirikiana na Rose Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Egerton na watu wa Muhuru, hapa hapa Nyatike, na mwaka 2010 shule ya bweni ya wasichana, WISER, ikapokea wanafunzi 30 wa kwanza. Si shule ya Duke. Ina uongozi wake. Wala sisemi kikao cha 1896 ndicho kilichoijenga. Nasema tu kwamba mwanamke aliyefika kwetu alitoka katika chuo ambamo wanawake waliwekewa nafasi kwa maandishi. Na kwetu, ambako msichana aliyekosa karo aliweza kujikuta akisubiri mashua za omena kwa masharti ya mwenye samaki, nafasi ya bweni na kitanda chake mwenyewe ni jambo kubwa kupita majengo ya mawe.

Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila shule ya umma iwe na bodi ya usimamizi: wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa mfadhili, mmoja wa walimu, na wengineo, hata mwanafunzi ana kiti chake. Viti tunavyo. Wanaovikalia nao wapo, wengi wao waaminifu. Upungufu wetu ni kusahau. Kiswahili kina neno amana, kitu ulichoachiwa ukitunze ambacho si chako, na mdhamini ni mtu wa amana. Mtu wa amana asipokumbuka alichoachiwa, hata akiwa mwaminifu, mwenye mali amepata hasara ileile.

Mwaka jana bodi ya shule ya jirani iliniomba niwafundishe kazi ya katibu. Niliwaambia waandike nakala mbili, moja ikae ofisini, nyingine nyumbani kwa mama mmoja wa wazazi, ndani ya sanduku la bati, juu ya mawe. Walinipa daftari jipya niwaonyeshe mfano. Nikaandika tarehe, nikaandika waliohudhuria, kisha kwenye mstari wa kwanza wa ajenda nikaandika: vyoo vya wasichana, milango minne, komeo kwa ndani. Mwenyekiti akasoma, akauliza kama ni mfano tu. Nikamwambia, "La. Tia sahihi."