Kuumika na Utoaji wa Damu katika Pwani ya Mtwara

Kuumika ni tiba kongwe ya miji ya Waswahili, Mikindani na vijiji vya karibu na mlango wa Ruvuma vikiwemo. Muumishi hubandika chuku, yaani pembe iliyotobolewa nchani, hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. Ngozi ikivimba, huichanja kwa wembe na kuirudisha pembe ili ivute damu. Waliotibiwa hivyo waliumwa kichwa, mgongo au viungo, na iliaminika kuwa damu mbaya ndiyo iliyowasumbua. Waislamu walikuwa na sababu ya pili: hadithi za Mtume zinazosifu hijama, yaani kuumika. Chale za urembo za Wamakonde zilikuwa jambo jingine. Hazikukusudiwa kutoa damu.

Huko Ulaya, utoaji wa damu ulianza kupoteza heshima katika karne ya 19, baada ya Pierre Louis wa Paris kulinganisha hali za wagonjwa na kuona kwamba haukuwafaa kama ilivyodhaniwa. Ulibaki kwa magonjwa machache. Mojawapo ni hemokromatosisi, maradhi ya kurithi yanayojaza chuma katika ini, moyo na kongosho, kwa kuwa mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Tangu miaka ya 1950 wagonjwa wake hutolewa mililita 450 hadi 500 kwa mara moja, zenye miligramu 200 hadi 250 za chuma, mara nyingi kila wiki mpaka akiba ishuke, kisha mara chache kwa mwaka. Uchovu wa wengi hupungua, na ini hupata nafuu, ingawa maumivu ya viungo mara nyingi hubaki. Siku ya kutolewa damu, baadhi hupata kizunguzungu.

Chuku haiwezi kufanya kazi hiyo, kwani damu inayotoka ni kidogo. Aidha, tatizo kubwa la pwani hii ni upungufu wa damu unaoletwa na malaria, minyoo ya safura na selimundu. Mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara hulimbikiza chuma, lakini kwa kuwa damu yake ni haba, kwa kawaida hupewa dawa za kukinasa chuma na kukitoa mwilini. Muumishi naye, kama bado anafanya kazi, hupaswa kutumia wembe mpya kwa kila mtu, ili kuzuia Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.