Marekani: Waliouawa na polisi huhesabiwa na nani, na kwa kipimo kipi?

Michael Brown, kijana mweusi, alipouawa kwa risasi ya polisi mjini Ferguson, Missouri, mwezi Agosti 2014, ilibainika kwamba serikali kuu ya Marekani haikuwa na hesabu kamili ya raia wanaouawa na polisi. Gazeti la Washington Post likaanza kuhesabu lenyewe mwaka 2015, likakuta takriban watu 1,000 hupigwa risasi na kufa kila mwaka, zaidi ya maradufu ya idadi iliyokuwa ikifika FBI. Mwaka 2019 FBI ilifungua daftari lake la matumizi ya nguvu, ila idara za polisi hazilazimiki kupeleka taarifa.

Kwa idadi tupu, wazungu ndio wengi miongoni mwa waliouawa. Hata hivyo Wamarekani weusi, walio takriban asilimia 14 ya wananchi, huuawa kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wazungu. Hapo ndipo wabishani huachana njia. Wapo wanaolinganisha vifo na idadi ya wakazi. Wengine hutaka vilinganishwe na idadi ya wanaokamatwa kwa uhalifu wa kutumia nguvu, ambao weusi ni wengi kupita sehemu yao katika taifa. Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, lakini ina kasoro: anayeamua nani akamatwe ni polisi yuleyule anayechunguzwa.

Mwaka 2016 Roland Fryer, mchumi mweusi wa Harvard, aliwashangaza wengi. Hakuona tofauti ya rangi katika ufyatuaji wa risasi. Katika nguvu ndogo, kama kusukumwa ukutani au kutiwa pingu, aliiona, tena kubwa, dhidi ya weusi na Walatino. Kila upande hupenda kunukuu nusu yake. Mwaka 2020 Dean Knox, Will Lowe na Jonathan Mummolo walijibu kwamba weusi wakisimamishwa kwa sababu hafifu, kumbukumbu za polisi huuficha ubaguzi, kwani zimejaa watu ambao, lau wangekuwa wazungu, wangeachwa wapite.

Kumbukumbu hizo huandikwa na polisi wenyewe. George Floyd alipofariki mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, taarifa yao ya kwanza ilizungumzia tatizo la kiafya, bila kutaja goti lililokandamiza shingo yake. Video ya mpita njia ndiyo iliyolionyesha. Askari Derek Chauvin alitiwa hatiani kwa mauaji Aprili 2021.