Mkwezi katika familia: kamba, usalama na la kufanya akianguka

Familia nyingi za pwani, kuanzia Kilifi na Tanga hadi Unguja, Pemba na Mafia, huishi kwa kazi ya kukwea. Mkwezi huangua nazi na madafu. Mgema hupanda asubuhi na jioni kugema tembo. Msimu wa karafuu ukifika, wachumaji hupanda mikarafuu, ambayo matawi yake huvunjika kwa urahisi. Ikiwa mume, kaka au kijana wako anafanya kazi hii, maelezo haya ni yako. Akianguka, huenda wewe ndiye utakayefika wa kwanza, na wewe ndiye utakayemuuguza.

Kwa nini anguko hili ni hatari?

Mnazi mrefu hufika mita 25 au zaidi. Anayeanguka kutoka mita 20 hufika chini kwa sekunde 2 hivi, akiwa na mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa. Anaweza kuumia kichwa, uti wa mgongo, nyonga na miguu. Anaweza pia kuvuja damu ndani ya tumbo bila jeraha kuonekana nje.

Kamba ya kupandia si kamba ya kuokoa

Wakwezi wengi hutia miguu katika kitanzi cha kamba ili nyayo zibane shina. Wengine hukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye mnazi. Njia zote mbili humsaidia kupanda, lakini hazimshiki akiteleza. Kinachomshika ni mkanda wa usalama unaovaliwa kiunoni na mapajani, ukiunganishwa na kamba imara. Wanaopogoa miti mikubwa kwa vifaa kamili huvaa pia kofia ngumu, na wanapokata kwa msumeno hujifunga sehemu mbili.

Unaweza kumsaidia kukagua kamba kila kabla ya kazi. Ipitishe mkononi polepole, kuanzia ncha moja hadi nyingine. Iachwe ikiwa:

- nyuzi zimekatika au zimechomoza;
- kuna sehemu iliyokuwa ngumu, nyembamba au iliyoyeyuka;
- kamba ya katani au ya makumbi ina ukungu au harufu ya kuoza;
- kamba ya nailoni imepauka kwa jua;
- iliwahi kumdaka mtu aliyeanguka, hata kama inaonekana nzima.

Ihifadhi pakavu na kivulini, mbali na petroli na maji ya betri. Kamba ya kukwea isifungie mbuzi wala kuanikia nguo.

Siku ambazo asipande

Asipande shina likiwa limelowa, kukiwa na upepo mkali au radi, waya wa umeme ukipita karibu, au nyuki na nyigu wakiwa kileleni. Asipande akiwa amekunywa pombe, ana homa au kizunguzungu. Mwenye kifafa asifanye kazi hii kabisa. Asipande peke yake: awepo mtu chini mwenye simu.

Watoto hupenda kumwiga mkwezi. Wakati wa kuangua, wakae mbali na mnazi, na usitandike mkeka wa mtoto chini ya mnazi wenye nazi. Nazi moja huweza kuzidi kilo 1.

Akianguka, fanya hivi

1. Usimwinue, usimkalishe, usimpe maji wala chakula.
2. Tuma mtu atafute gari na kupiga simu hospitali.
3. Shika kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Mwambie asijitikise.
4. Angalia kama anapumua. Ikiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka apumue au msaada ufike.
5. Palipo na damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia.
6. Ikilazimu kumbeba, mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Watu 4 au 5 wamgeuze kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja. Asibebwe kwa pikipiki.

Akibaki ananing'inia kwenye mkanda bila kujitikisa, ashushwe upesi. Damu hukusanyika miguuni na anaweza kuzimia.

Mpeleke hospitali hata kama amesimama na kusema yuko sawa. Rudi naye haraka ukiona anatapika, anasinzia kupita kawaida, anaumwa kichwa kinachozidi, anapata degedege, anatokwa damu au maji puani na masikioni, ana ganzi miguuni, au ameshindwa kukojoa. Kama ana jeraha, ulizia chanjo ya pepopunda.

Ikiwa uti wa mgongo umeumia

Mgonjwa aliyepooza hahisi anapolalia sehemu moja muda mrefu, na ngozi huanza kufa. Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Kila siku kagua visigino, nyonga na makalio. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usimlaze hapo tena, na umjulishe mhudumu wa afya. Mwombe akufundishe kutunza mpira wa mkojo na kumfanyisha mazoezi.

Kazi hii ya uuguzi ni nzito. Panga zamu na ndugu, ili nawe upate usingizi.